Mwanamke Asiyefaa Kiti Alichokalia

Verlene Tackett alibadilisha waajiri mara nyingi kuliko alivyobadilisha mapazia ya sebuleni kwake, na muda wote huo kiti chake hakikusogea hata shubiri. Kiti chenyewe kilikuwa ghorofa ya tatu katika jengo la serikali, huku kwetu kaskazini mwa Virginia, ndani ya chumba cha simu ambamo wakulima wa nchi nzima hupiga kuulizia fidia ya mafuriko na ukame. Chumba ni cha serikali na simu ni za serikali, ila wanaozipokea ni watu wa mkandarasi. Kila baada ya miaka mitano serikali hutangaza zabuni, makampuni yanavutana mashati, moja linashinda, na asubuhi moja watu walewale wanakuja kukaa kwenye meza zilezile wakiwa na kamba ya kitambulisho ya rangi nyingine shingoni. Hayo ndiyo mageuzi yote. Tunaambiwa ushindani huo unamwokolea mlipa kodi fedha zake, na wanaotuambia hivyo hawacheki.

Verlene ndiye aliyekuwa meneja wa chumba hicho. Alishuka kutoka kaunti ya Wise, milimani kwenye makaa ya mawe, akiwa msichana mwenye lafudhi iliyowachekesha watu wa mjini. Akapokea simu, akapewa zamu ya kusimamia, mwisho akapewa chumba kizima. Sasa alikuwa amevuka sitini. Kila alfajiri alipanga foleni kwenye maegesho ya Stafford kuomba lifti kwa watu asiowajua, maana gari lenye watu watatu hupewa njia yake isiyo na msongamano, kama tunavyofanya sisi sote tusiotaka kufia barabarani, na kabla ya saa mbili alikuwa kitini. Kamba za makampuni yaliyopita alizitundika kwenye taa ya mezani pake. Aliziona kama nishani, masikini.

Siku ya kubadilisha kamba ilikuwa na desturi yake. Verlene alioka keki ya kwao, ile ya tabaka nyingi nyembamba zinazopakwa matufaha yaliyokaushwa na kupikwa na viungo, kisha ikalala siku mbili mpaka ilainike. Watu wote walikula, na wa kwanza kwenye mstari, sahani mkononi, alikuwa Wendell Pike.

Wendell hakuwa wa mkandarasi. Huyo alikuwa mtumishi wa serikali hasa, mkuu wa kitengo, mtu wa likizo ndefu na pensheni, na meza yake ilitenganishwa na ya Verlene na kijiukuta cha kitambaa kisichozuia hata chafya. Kila Jumatatu Verlene aliandika ripoti ya chumba, Wendell akaweka jina lake juu na kuipeleka kwa wakubwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema aliyezoea kubebwa, na mimi watu wa namna hiyo siwawezi.

Mkataba ulipokaribia kwisha, Wendell akapewa kazi ya kuandika sifa za watu wanaotakiwa katika zabuni mpya. Hapo ndipo mtu mwenye akili angetazama nani anafanya nini chumbani, akaandika alichokiona. Wendell alichukua zabuni ya idara nyingine, akanakili, akabadilisha jina la idara, akaenda kula chakula cha mchana. Katika alichonakili mlikuwa na sharti kwamba meneja awe na shahada ya chuo kikuu katika uongozi. Verlene hakuwa nayo. Alisoma miaka miwili chuo cha kwao, baba yake akaugua mapafu ya mgodini, akaacha. Wendell aliyajua hayo au hakuyajua, sijui. Alikaa naye ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo na hakuwahi kuuliza.

Kampuni iliyokuwa na mkataba wakati huo ilikuwa na kamba za kijani, na wafanyakazi waliiita Kijani tu. Mkubwa wake, Claudine Reeves, alimwita Verlene kwenye chumba cha mkutano, akafunga mlango taratibu kama daktari mwenye habari mbaya.

"Verlene, wewe ndiye moyo wa hiki chumba. Hilo kila mtu analijua."

"Sema unachotaka kusema, Claudine. Nina watu kwenye simu."

"Kwenye zabuni tumemweka mtu mwingine nafasi ya meneja. Dokta Moll. Ana shahada tatu. Unajua watathmini wanavyopenda vyeti."

"Huyo Moll amewahi kuongea na mkulima?"

"Hatakuwa na haja. Wewe utakuwa msaidizi wake. Utamwelekeza."

"Yaani kazi nifanye mimi, kiti akalie yeye."

"Usiliweke hivyo," Claudine akasema, na hakusema liwekwe vipi.

Verlene alitoka pale akarudi kwenye simu zake. Nisimsafishe sana: alikuwa na haki ya kukasirika, lakini pia alikuwa na majivuno, na majivuno yake yalikuwa mlango wazi kwa mtu yeyote mwenye maneno matamu. Wiki haikuisha, mtu huyo akaja. Kampuni ya kamba za rangi ya chungwa, nayo ikiwinda mkataba uleule, ilimtuma kijana anayeitwa Preston, meno meupe, viatu bila soksi. Alimpeleka kula kababu za nyama ya kaa karibu na mto Occoquan, akamvisha kilemba cha ukoka kutoka supu mpaka kahawa.

"Bi Verlene, bila wewe hiki chumba ni simu tupu. Sisi tunataka jina lako juu kabisa. Meneja. Mtu muhimu."

"Wamesema wanataka shahada."

"Ulisoma chuo, si ndiyo?"

"Nilisoma, sikumaliza. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha."

"Umesema kweli, na mimi nakuheshimu kwa hilo." Preston akamsogezea sahani ya chipsi. "Kuandika tuachie sisi. Hatutaandika uongo hata neno moja."

Na kweli hawakuandika uongo. Waliandika kwamba meneja wao alikuwa na "masomo ya chuo katika uongozi wa biashara," wakanyamaza palepale. Kuna watu katika nchi hii wanalipwa vizuri, wana nyumba za ghorofa tatu huko Loudoun, kwa sababu tu wanajua pa kunyamaza katika sentensi.

Tathmini ikaanza. Wendell na wenzake wawili walijifungia chumba cha ndani na makabrasha ya wazabuni, wakaapishwa wasiongee na yeyote kuhusu waliyosoma. Wendell akaibeba siri hiyo kwa fahari ya bwana harusi. Ijumaa moja Verlene alileta biskuti zake za kwao, mikate midogo laini ya moto yenye mchuzi wa soseji, kama kila Ijumaa, akamnyooshea sahani juu ya kijiukuta.

"Siwezi, Verlene. Siruhusiwi kupokea kitu kwa mtu mwenye maslahi katika zabuni."

"Ni biskuti, Wendell."

"Hata biskuti."

"Miaka yote umekula biskuti zangu."

"Wakati huo nilikuwa sitathmini," Wendell akasema, akarudi kwenye kiti chake akimeza mate.

Sasa sikilizeni upuuzi. Siku ileile Wendell alikuwa amefika kwenye ukurasa wa Verlene katika kabrasha la Chungwa. Alisoma "masomo ya chuo," akajiuliza kama hiyo ni shahada au siyo. Mwenye jibu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, anatafuna biskuti. Angeinuka akamuuliza? Hapana, sheria ya zabuni hairuhusu. Basi angemwandikia afisa wa mikataba ili swali lipelekwe kwa kampuni kwa njia yake? Hiyo sheria inaruhusu, lakini ingekuwa barua, na majibu, na wiki nzima kupotea, na Wendell alikuwa na safari ya kwenda kuvua samaki. Akachukua kalamu akaandika: "Tunachukulia kwamba anayo shahada inayotakiwa." Pembeni akampa alama za juu kabisa, kwa sababu alimpenda. Wenzake wakatia sahihi bila kusoma.

Chungwa wakashinda. Kabrasha lao lilisifiwa hasa kwa sababu ya meneja. Verlene alipopata habari alikaa kitini pake, akaitazama taa yenye kamba, akasogeza moja pembeni kuacha nafasi. Jumamosi akakausha matufaha, Jumapili akaoka. Mumewe Harlan, dereva wa malori mstaafu mwenye magoti mabovu, alikatazwa asiiguse.

Keki ilikuwa bado inalala ilipokuja habari kwamba Kijani wamepinga. Sheria inamruhusu aliyeshindwa aende Washington kwenye ofisi inayoamua ugomvi wa zabuni, akadai kwamba watathmini wamekosea, na mpaka iamue, mkataba mpya unasimama na wa zamani unarefushwa. Kwa hiyo Verlene akabaki na kamba yake ya kijani, anafanya kazi ya Kijani na analipwa na Kijani. Keki ikaenda kwenye friza, na Harlan akaimaliza kidogo kidogo.

Habari ya hoja yenyewe aliileta Odessa Broadnax, mpokea simu wa meza ya kwanza, mwanamke wa kaunti ya Prince George's, ambaye ulimi wake hauna breki na masikio yake yanafika kila ghorofa.

"Shoga, unajua wanapinga nini?"

"Bei, nadhani."

"Bei? Wanakupinga wewe. Wanasheria wa Kijani wanasema meneja wa Chungwa hana sifa za kusimamia hiki chumba."

"Meneja wa Chungwa ni mimi."

"Ndiyo nakwambia."

"Na sasa hivi anayesimamia hiki chumba kwa ajili ya Kijani ni nani?"

"Wewe," Odessa akasema. "Mimi nilidhani nimesikia vibaya. Nikaenda kumuuliza mlinzi."

Ikaendelea hivyo miezi. Asubuhi Verlene anapanga zamu za Kijani, mchana anatuliza wakulima kwa niaba ya Kijani, na Kijani hiyohiyo inawalipa wanasheria mjini waandike kurasa baada ya kurasa kwamba mwanamke huyu ni hatari kwa utekelezaji wa mkataba. Waliokuwa na jalada lake la ajira ni wao. Waliompandisha cheo ni wao, wakampa na saa ya mkononi kwa utumishi mwema. Claudine alipokuja kutembelea chumba, alikuja na boksi la donati, akaliweka mezani pa Verlene.

"Si jambo la binafsi, Verlene. Ni biashara."

"Umesema mimi sifai."

"Wanasheria wamesema hutimizi sharti. Hayo ni mambo mawili."

"Nitajie la pili."

Claudine akatazama saa yake. "Tukishinda, bado utakuwa na kazi hapa. Nakuahidi."

"Ondoa donati zako," Verlene akasema. "Zinachafua meza."

Preston naye akawa hapokei simu. Alituma ujumbe mmoja wenye alama ya dole gumba, basi. Na Wendell, ambaye neno lake moja la "tunachukulia" ndilo lililokuwa linabishaniwa kule mjini, alianza kupita njia ndefu kwenda msalani ili asipite mbele ya Verlene. Siku moja Verlene akamnasa kwenye mashine ya kahawa.

"Wendell, kwa nini hukuniuliza?"

"Nisingeweza. Ungekuwa mgongano wa—"

"Ungemwandikia afisa wa mikataba."

Wendell akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Nilitaka kukusaidia."

"Ungenisaidia siku ulipokuwa unaandika sifa. Ulimtaka meneja wa aina gani, na meneja umekaa naye ukuta kwa ukuta?"

"Niliichukua kutoka zabuni nyingine," akasema kwa sauti ndogo. "Huwa tunafanya hivyo."

Verlene alimtazama mpaka akaondoka. Usiku ule alimwambia Harlan kwamba angemsamehe upesi zaidi mtu aliyemchukia kuliko huyu aliyempenda kwa uvivu.

Uamuzi ukatoka. Katika uamuzi watu hawatajwi kwa majina, kwa hiyo Verlene aliitwa Meneja A. Odessa aliusoma kwenye simu yake wakati wa mapumziko, kwa sauti ya mhubiri, wapokea simu wote wamemzunguka. Ulisema idara haikuwa na msingi wowote wa kuchukulia kwamba Meneja A alikuwa na shahada, na kwamba sharti likishaandikwa haliwezi kupuuzwa kwa mmoja likabaki kwa wengine. Ukaamuru tathmini irudiwe. Na ukweli usemwe, uamuzi ule haukuwa na kosa. Ndiyo maana uliuma.

"Meneja A," Odessa akasema, akazima simu. "Hata herufi wamekupa nzuri."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Verlene mwenyewe, na kicheko chake hakikudumu.

Tathmini ikarudiwa, Chungwa wakaporomoka, Kijani wakapewa mkataba kwa sababu ya Dokta Moll na shahada zake tatu. Na Dokta Moll, ambaye hakuna mtu chumbani aliyewahi kumwona hata kivuli, alikuwa amepata kazi nyingine Colorado na kuhamia huko. Alikubali kazi hiyo jioni ya siku ileile uamuzi wa Washington ulipotangazwa. Wapo wanaosema Claudine alijua mapema. Mimi sikuwepo, lakini namjua Claudine.

Alikuja mbio, safari hii bila donati.

"Verlene, tumepata tatizo dogo. Tunahitaji mtu akalie kiti cha meneja kwa muda. Kaimu. Mpaka tupate mtu."

"Mtu mwenye sifa."

"Mwenye... ndiyo. Kwa sasa wewe utafanya kama ulivyokuwa unafanya."

"Kwa cheo gani?"

"Kaimu. Cheo chenyewe tutakiacha wazi, si unajua, sharti lile."

Nyumbani walikuwa wameshazungumza, yeye na Harlan, juu ya rehani ya nyumba na bima na magoti. Kwa umri wake hakuna anayeajiri mtu. Alikuwa na njia ya kukaa na njia ya kuondoka, na zote mbili zingewafaa Claudine na Wendell. Akachagua ya tatu, ambayo hawakuifikiria kwa sababu ilikuwa inashuka.

"Nipe meza ya simu," akasema.

"Meza ya nini?"

"Ya simu, kando ya Odessa, pale alipokuwa akikaa Lurleen kabla ya kustaafu. Sharti lake ni kumaliza sekondari. Nimemaliza. Ukitaka cheti nitakuletea."

"Mshahara utashuka, Verlene. Sana."

"Najua ni kiasi gani. Mimi ndiye niliyekuwa naipanga hiyo mishahara."

Claudine alikuwa na pengo kwenye meza hiyo, na idara ingeuliza kwa nini haijajazwa. Akakubali huku amekunja uso, akiamini kwamba wiki haitaisha kabla mwanamke huyu hajakichoka kiburi chake. Hayo ndiyo makosa ya watu wanaokisia wenzao kwa wasifu.

Siku ya kamba mpya ikafika, Jumatatu. Zilikuwa za kijani tena, ila zina mstari mweupe katikati, na hao Kijani waliona hiyo ni sababu ya kupiga picha. Verlene alikuwa amehama Ijumaa. Taa yake aliichukua, kamba za zamani alizitupa. Kwenye meza yake mpya ilikaa keki, tabaka kumi, imelala siku mbili kama inavyotakiwa. Alikata vipande, akamgawia kila mwenye kamba chumbani. Kiti cha meneja kilikuwa kitupu, kimezungushwa uso ukutani. Katika kabrasha la serikali bado kilikuwa kimekaliwa na Dokta Moll.

Wendell akatokea, sahani ya karatasi mkononi. Tathmini ilikuwa imekwisha na biskuti zilikuwa halali tena.

"Verlene. Siioni ripoti ya Jumatatu."

"Ripoti ni kazi ya meneja."

"Ndiyo, lakini wakubwa wanaisubiri saa nne."

"Muulize meneja."

"Hayupo, unajua hayupo." Akaegemea meza, akashusha sauti. "Nifanyie hisani. Ni nusu saa tu kwako."

"Ningependa, Wendell. Sina sifa. Imeandikwa mpaka Washington, na wewe ndiye uliyeandika sharti."

Kwa kukosa pa kuweka macho, Wendell akaangalia keki. Palikuwa pamebaki kipande kimoja. Akasogeza sahani yake mbele kidogo, kama alivyofanya miaka yote.

Verlene akakichukua kipande kile, akakiweka kwenye sahani ya Odessa juu ya kile cha kwanza.

"Wewe chukulia umekula," akamwambia.

Kule kwenye meza ya meneja simu ikaanza kulia. Wendell akamtazama Verlene, akawatazama wapokea simu mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kutafuna. Ikalia mpaka akaenda mwenyewe, akakigeuza kiti, akakaa. Verlene alivaa vidude vyake vya masikioni, akabonyeza kitufe, akamsikia mzee wa Nebraska akilalamika kwamba mahindi yake yote yako chini ya maji.

"Pole sana, baba," akasema. "Hebu nianzie shamba lilipo."